Jaji Mwenye Mkono wa Birika

Kerubo alikuwa mtu wa kuuliza. Wenzake wa ofisini Saint Paul walishamzoea: ukimwambia hospitali fulani inapoteza wagonjwa wengi kuliko nyingine, kabla hujamaliza atakuuliza wagonjwa hao waliingia wakiwa katika hali gani. Hiyo ndiyo kazi ambayo serikali ya jimbo ilimwajiri kuifanya, kulinganisha hospitali bila kuzionea, maana hospitali inayopokea mahututi itazika wengi hata madaktari wake wawe malaika. Kazini tabia hiyo ilimletea heshima. Nyumbani Fridley ilimchosha mumewe Jairus, muuguzi, ambaye mara moja moja angependa kulalamika kuhusu jambo na kukubaliwa tu, basi.

Binti yao Fiona, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa mchezaji wa kuteleza kwenye barafu. Si ule mpira wa magongo ambao watoto wa Minnesota hufundishwa kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Wake ulikuwa ule mchezo wa madaha, wa kuruka na kujizungusha kwa muziki ukiwa umevaa kijinguo cha kumetameta. Jairus alipokiona kijinguo chenyewe mara ya kwanza aliuliza kama mtoto hatapata nimonia. Ndugu zao Kisii wakitumiwa video walimsifu sana, kisha wakauliza ataanza lini kukimbia kama Wakenya wengine. Fiona hakujali. Alfajiri, kukiwa na baridi ya kugandisha kope, yeye ndiye aliyetangulia mlangoni na begi lake la viatu vya barafu, akimsubiri mama yake atafute funguo za gari.

Mambo yaliharibika mwezi wa Machi, kwenye mashindano ya vilabu kule Savage. Fiona aliruka vizuri, hakuanguka hata mara moja, na ukumbi ukampigia makofi ya kweli. Alipotoka barafuni Kerubo alimtupia koti mabegani akamwambia, "Si mbaya, lakini mkono wa kushoto uliulegeza." Kisha alama zikatoka, Fiona akawa wa nne. Majaji wawili walimpa alama za kuridhisha. Wa tatu alimminya kila mahali: katika miruko, katika mizunguko, hata katika namna alivyousikiliza muziki. Katika mashindano makubwa majaji huwa wengi, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, ili mtu mmoja asiharibu mambo. Savage majaji walikuwa watatu tu, watu wa kujitolea, na hakuna kilichotupwa. Ukiminywa na mmoja, umeminywa.

Huyo wa tatu aliitwa Alice, mwalimu mstaafu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na blanketi la miraba magotini. Kilichomchoma Jairus zaidi ni kwamba Alice alikuwa mwanachama wa kilabu kile kile cha Fiona. Kanuni za mashindano hayo hazikumzuia kuwapa alama watoto wa kilabu chake, mradi tu wasiwe jamaa zake. Asubuhi nyingi alikuwepo pale ukumbini Fridley na chupa yake ya kahawa, akiwatazama watoto wakifanya mazoezi na kuwasalimu wazazi kwa majina. Mtu wa nyumbani kabisa. Jairus alisema wakielekea garini kwamba mama huyu ana mkono wa birika, na tangu siku hiyo, nyumbani kwao, Alice akawa Mama Birika.

Jairus alitaka malalamiko yaandikwe jioni ileile. Sababu alikuwa nayo tayari, na haikuwa sababu ya kuchekwa: siku ile mtoto mweusi alikuwa Fiona peke yake, na Mkenya aliyeishi Marekani muda wa kutosha hahitaji kufundishwa mambo hayo na mtu. Kerubo hakumpinga. Hakumkubalia pia. Alimuuliza tu kama amewahi kuangalia Alice huwapa wengine ngapi, na Jairus akageukia dirisha akawa anatazama theluji iliyochafuka kando ya barabara.

Fiona ndiye aliyeingilia, kutoka kiti cha nyuma.

"Mum, just tell me. Ni mimi ama ni yeye? Kama ni mimi, naacha. Sitaki kuwa yule mtoto wanampigia makofi juu ya kumwonea huruma."

Usajili wa msimu mpya ulikuwa ufungwe mwisho wa Aprili. Kerubo alimwahidi jibu kabla ya siku hiyo. Jairus akasema jibu mbona lipo. Fiona akasema hakumuuliza yeye.

Majedwali ya alama huwekwa mtandaoni baada ya kila mashindano, kila jaji na safu yake, wazi kwa yeyote mwenye subira. Wazazi wengi hutafuta jina la mtoto wao, wakanuna, wakafunga. Kerubo aliyachukua yote ya miaka ya karibuni ambayo Alice aliketi kuwa jaji, akawa anayashughulikia Jumamosi mchana wali ukiwa jikoni, na siku za kazi ndani ya treni ya kuelekea Saint Paul, kompyuta mapajani, akipitiliza kituo mara kadhaa.

Kwanza alijizuia asitazame ukali wa Alice peke yake. Muuzaji anayempunja kila mteja kijiko kimoja cha sukari ni mchoyo, lakini hajambagua mtu. Na jaji mkali kwa wote hajamnyang'anya yeyote nafasi yake. Kwa hiyo kwa kila mtoto alichukua alama ya Alice akailinganisha na za wenzake wawili, waliomtazama mtoto yuleyule, kwa muziki uleule, dakika zilezile. Pengo lililobaki hapo katikati ndilo alilokuwa akilifukuza.

Jibu la kwanza lilimtoa jasho. Kwa watoto wengi Alice alikuwa sambamba na wenzake, pengine hata juu kidogo. Kwa Fiona alikuwa chini, na katika mashindano mengine chini tena. Jairus, aliyekuwa akichungulia skrini begani mwake, alinyoosha mgongo.

"Si nilikuambia, Mama Fiona?"

Kerubo alikiri kwamba aliambiwa. Uchungu ulimpanda, uchungu wa kweli, wa mzazi. Alimfikiria yule mwanamke na blanketi lake na maamkizi yake ya kila asubuhi, akatamani kwenda kuimwaga ile kahawa. Kama angeandika malalamiko wakati huo, yangekuwa makali, na yangeaminika.

Ila vidole vyake vilikuwa na mazoea yao. Kabla ya kuandika chochote vilimuuliza: na nani mwingine? Jina kwenye jedwali halikuambii rangi ya mtu, lakini kilabu chake kimeandikwa pale pembeni. Akawapanga watoto kwa vilabu, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Watoto wote wa kilabu chao walikuwa chini. Alikuwa chini yule msichana mwenye nywele za rangi ya mahindi ambaye mababu zake walitoka Norwei, walikuwa chini mapacha wa daktari wa meno, na hata yule mvulana pekee wa kilabu, kipenzi cha kila mtu, alikuwa chini. Alice alikuwa akiwaminya wa kwake, mmoja baada ya mwingine, bila kujali rangi.

Kerubo hakuamini. Alidhani labda ni bahati tu, maana bahati nayo huweza kuchora sura ukadhani kuna mtu aliyeichora. Basi akaiamuru kompyuta iyachukue majina ya vilabu iyachanganye kama karata, iwagawie watoto ovyo, ipime pengo, kisha ichanganye upya, na upya tena, maelfu ya mara. Kama pengo lile lingekuwa la bahati, lingejitokeza mara kwa mara katika karata hizo. Lilijitokeza kwa nadra sana. Halikuwa la bahati.

Hasira ilimtoka, ikabaki hamu ya kujua, na hamu hiyo ilimnyima raha kuliko hasira. Jairus naye alichanganyikiwa, akasema huko kwao watu hulalamika maisha yao yote kwamba mkubwa fulani anabeba watu wake. Mtu wa kuwaangusha watu wake hajamsikia. Kerubo alijaribu kila mlango. Huenda kilabu chao kilikuwa dhaifu? Hapana, majaji wengine waliwaona watoto hao kuwa wazuri. Huenda Alice alikosana na kocha? Aliulizia kwa mbali, kwa akili, akaambiwa wawili hao hutumiana kadi za Krismasi. Aprili ikawa inakwisha. Fiona hakuuliza kitu, ila kila jioni mezani alimtazama mama yake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na hilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Jibu lilitoka kanisani, wala si kwa maombi.

Kila mwaka makanisa ya Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul yalizikutanisha kwaya zao zishindane, na kwa miaka miwili iliyopita Kerubo alikuwa ameketi mezani pa majaji. Kiprop, katibu wa mashindano, ndiye aliyemteua, kwa hoja kwamba mtu wa namba hapindishwi. Miaka yote miwili kwaya ya kanisa lake mwenyewe ilishindwa, na yeye, tuseme ukweli, aliona fahari. Kwao Kenya, neno linaloharibu jina la mtu upesi kuliko wizi ni kuambiwa anabeba watu wake, na kwaya ile karibu wote walikuwa Wakisii kama yeye. Sasa hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Alitembea ukumbini baada ya matokeo akiwa ameinua kichwa, na watu wa makabila mengine wakaja kumpa mkono.

Mwaka huu Kiprop alipiga simu tena kumwomba aketi. Jumapili hiyo, baada ya ibada, mwalimu wa kwaya, Birindwa, Mkongo mpole asiyewahi kumpandishia mtu sauti ila waimba besi wake, alimvuta kando.

"Ma sœur, dada yangu, nakuomba, mwaka huu ukatae," alisema. "Wale wengine wote wanatupendaka. Ni wewe ndiye unatuuaka."

Waliokuwa karibu walicheka, na Kerubo alicheka nao. Alicheka mpaka alipofika garini na kufunga mlango, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Hakungoja kufika nyumbani. Alimpigia Kiprop palepale akamwomba amtumie picha za alama za miaka ile miwili, za majaji wote. Kiprop aliuliza kama kuna tatizo, naye akajibu kwamba hajui bado.

Safari hii hakuhitaji kuchanganya karata. Kwaya zilikuwa chache mno, na hata hivyo alishajua moyoni. Kwa kwaya za wengine alikuwa amekwenda bega kwa bega na majaji wenzake. Kwa kwaya yake alikuwa chini yao, katika sauti, katika mpangilio, na chini zaidi katika matamshi. Sababu ya matamshi aliikumbuka vizuri. Kila Jumapili aliwasikia wakila silabi za mwisho, na siku ya mashindano masikio yake yalikuwa yakizingoja silabi hizo ziliwe. Aliona aibu. Aliona pia, Mungu amsamehe, furaha ndogo ya mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta.

Jairus alisoma skrini, akamtazama mkewe, akasoma tena. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alikosa mzaha, lakini haikuchukua muda akaupata.

"Karibu nyumbani, Mama Birika," alisema.

Asubuhi iliyofuata, Fiona akiwa barafuni, Kerubo alikwenda kuketi kando ya Alice. Alice alipoiona kompyuta alikaza midomo, kama mtu aliyekwisha kuonana na wazazi wengi katika maisha yake. Kerubo alipomweleza lile pengo, alijibu kwa upole kwamba jambo hilo linavutia sana. Na Minnesota ukiambiwa jambo lako linavutia sana, umeambiwa uondoke. Kerubo hakuondoka. Alifungua jedwali la pili, la kwaya, akamwonyesha safu yake mwenyewe na pengo lake mwenyewe. Akamweleza, kwa Kiingereza chake cha ofisini, kuhusu kubeba watu wako, na jinsi unavyoweza kuyaogopa macho ya wengine mpaka ukawakanyaga wa kwako na kuona umenyooka.

Alice alisoma kwa muda. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliuliza kama hakuna kosa kwenye hesabu, Kerubo akamwambia ameshalitafuta hilo kosa kwa wiki kadhaa na angefurahi kulipata. Chini yao watoto walikuwa wakipita na kurudi, vyuma vya viatu vyao vikikwaruza barafu.

"Mtoto wa kilabu kingine akiruka, naona alichoruka," Alice alisema mwishowe. "Wetu akiruka, naona alivyoruka Jumanne. Na Jumanne, wakiwa hapa peke yao, huwa wanaruka vizuri zaidi." Akamrudishia Kerubo kompyuta. "Nilidhani huko ndiko kutenda haki."

Kerubo alimwambia kwamba yeye pia alidhani hivyo. Alice akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa akampa, naye akainywa ingawa haikuwa na maziwa wala sukari. Alice alisema atawaarifu waandalizi wasimketishe mezani watoto wa kilabu chake wanapoteleza, walau mpaka ajifunze kuwaona kama watoto wa watu. Kerubo alisema Kiprop ameshapata ujumbe kama huo.

Basi likabaki jibu la Fiona. Kerubo alimpa ndani ya gari, wakiwa kwenye barabara ya University kuelekea shuleni, begi la viatu likiwa katikati ya miguu ya mtoto. Hakulipamba. Alimwambia kwamba ukiondoa lile pengo la Alice, Savage angekuwa wa tatu. Kwenye mashindano mengine yote hesabu haikubadilisha chochote. Nafasi aliyoipata ndiyo iliyokuwa yake.

"Kwa hivyo Savage ni yeye," Kerubo alisema. "Kwingine kote ni wewe."

Kisha akamweleza kwa nini, Alice na Jumanne zake, na kwaya, na yeye mwenyewe. Alidhani Fiona atakasirika. Fiona alisikiliza huku akichezea zipu ya begi, akiipandisha na kuishusha.

"So aliniminya because mimi ni wake," alisema. "That is so weird, Mum."

Walisimama kwenye taa nyekundu. Theluji ya mwisho ilikuwa imeyeyuka na nyasi zilizofunikwa tangu Novemba zililala chini, za kahawia, kama nywele zilizolaliwa. Fiona aliacha zipu.

"Na wewe? Savage. Wewe ungenipa ngapi?"

Kerubo alifungua kinywa, na kilichomjia kwanza kilikuwa mkono wa kushoto. Aliuona waziwazi, ulivyolegea baada ya mruko wa pili, kwa sababu alfajiri nyingi alikuwa ameuona ukiwa imara. Akafunga kinywa. Akajaribu jambo ambalo halikuwa rahisi: akamwondoa Fiona pale barafuni akamweka mtoto wa watu. Mtoto asiyemjua, mwenye nguo ya buluu, aingie, muziki uanze. Akamwacha aruke. Akausikia ukumbi ulivyonyamaza alipokuwa hewani, na makofi alipotua, na akajiona yeye mwenyewe pale kwenye benchi, mgeni aliyekuja kutazama tu, akipiga makofi mpaka viganja vinauma, akiuliza jirani yake huyu ni mtoto wa nani.

"Tisa," alisema.

Fiona akageuka kumtazama, akangoja. Kerubo alijua anangoja nini, na kwamba amekuwa akilingoja kila alipotoka barafuni tangu akiwa mdogo. Taa ikawa ya kijani. Gari la nyuma likapiga honi kwa adabu, honi fupi, na wote wawili wakalipuuza.

"Tisa, lakini?" Fiona aliuliza.

"Tisa," Kerubo alisema, akakanyaga mafuta.

Fiona alitazama mbele mpaka walipofika lango la shule. Aliteremka, akaufunga mlango, kisha akaufungua tena akaliacha begi la viatu pale pale kwenye kiti.

"Kesho saa kumi na moja," alisema. "Na usipoteze keys."